Mwanafunzi Aliyemaliza Kwanza

Kila mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya darasa anamfahamu mwanafunzi tunayetaka kumzungumzia hapa. Mwalimu hajamaliza kuandika zoezi ubaoni, naye amekwisha jibu maswali matatu ya mwanzo. Wenzake wangali wanachonga penseli, yeye amefunga daftari, ameinua mkono na kuita, "Mwalimu, nimemaliza!" Yatupasa kujiuliza: mwalimu humjibu nini mtoto huyu? Katika jibu hilo dogo, tunaamini, mna sehemu kubwa ya malezi ya akili yake.

Katika vyuo vyetu vya ualimu wanachuo hufundishwa kwa bidii namna ya kumsaidia mwanafunzi mzito. Hujifunza kurudia somo kwa njia nyingine, kutumia zana, kupunguza ugumu wa maswali na kumkalisha karibu na mwalimu. Huo ni wajibu wa haki, wala hatutaki upungue hata kidogo. Lakini mwanafunzi mwepesi aghalabu huachwa ajiendee mwenyewe, kwa kuwa twadhani hana shida. Sisi nasi tulidhani hivyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo makala haya ni maungamo kwanza, ndipo yawe mafundisho.

Mvulana wa dawati la mbele

Tulipoanza kazi tulipangiwa shule ya msingi ya kijijini, tukakabidhiwa darasa la tano lenye watoto zaidi ya 70. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja, mtoto wa mkulima wa mahindi, aliyekuwa mwepesi wa hesabu kuliko mtoto yeyote tuliyepata kumfundisha. Jina lake tunalihifadhi. Tukifundisha sehemu asubuhi, yeye jioni alikuwa akizijumlisha kichwani njiani kwenda kuchota maji.

Kwa kuwa alimaliza mapema kila siku, ilitubidi tumtafutie la kufanya. Kwanza tulimwongezea maswali. Wenzake walipopewa 10, yeye alipewa 20, ya aina ile ile. Baada ya majuma machache alijifunza kwenda taratibu, kwani alikwisha tambua kwamba ujira wa kumaliza mapema ni kuongezewa mzigo. Tukaiacha njia hiyo, tukamfanya msaidizi wetu. Alifuta ubao, alikwenda ofisini kuchukua chaki, aliandika majina ya wapiga kelele, na mwishowe alikuwa akisahihisha madaftari ya wenzake. Darasa lilitulia. Mwalimu mkuu alitusifu. Mtoto mwenyewe alifurahi, na wazazi wake walifurahi zaidi. Tulimfundisha hivyo kwa miaka mitatu, hata akamaliza darasa la saba, na katika miaka hiyo hakukutana darasani mwetu na swali hata moja lililomfanya akune kichwa.

Alifaulu mtihani vizuri mno, akachaguliwa kwenda katika mojawapo ya shule za sekondari za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Wanachuo wanazijua shule hizo: Ilboru iliyoko Arusha, Kibaha katika Mkoa wa Pwani, Mzumbe na Kilakala mkoani Morogoro, Msalato ya Dodoma, na shule mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Ni mpango ambao Serikali imeuweka ili vijana hodari kutoka pande zote za nchi wakutane na masomo yanayolingana na uwezo wao. Kijiji kizima kilishangilia. Baba yake aliuza magunia ya mahindi akanunua sanduku, godoro na sare. Nasi tulikwenda kumsindikiza hadi kituo cha basi, tukijiona kuwa tumefanya kazi kubwa.

Likizo ya kwanza alikuja nyumbani kwetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

Aliinamisha kichwa akawa anakwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. Kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau. "Mwalimu, huko nilipewa swali la hesabu nikakaa nalo jioni nzima, nisijue hata pa kuanzia. Sijawahi kukutana na swali nisilolijua. Nilidhani akili yangu imekwisha."

Tulimwuliza wenzake walifanyaje. Akajibu kwamba wengine nao hawakulijua, lakini walichukua karatasi wakajaribu, wakafuta, wakajaribu tena, wakaulizana. Yeye hakuthubutu kujaribu, kwa sababu aliona haya kuonekana anakosea. Yeye ndiye aliyekuwa akisahihisha makosa ya watu.

Hatukuwa na neno la kumwambia. Alipofika kidato cha tatu aliomba mwenyewe kuhamia shule ya kutwa karibu na nyumbani. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za wastani. Leo ni fundi wa pampu za maji, anaheshimika, na kazi yake ni safi. Hatumhurumii, wala hatudai kwamba maisha yake yameharibika. Tunalosema ni kwamba tulikuwa na deni kwake, na deni hilo hatukulilipa.

Kosa lilikuwa wapi

Tumelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na tumeona kwamba kosa letu lilikuwa moja lenye sura tatu. Tulipomwongezea maswali yale yale, tulimpa wingi mahali pa ugumu. Tulipomtuma chaki na madaftari, tulimpa shughuli mahali pa elimu. Na kila tulipomsifu kwa kumaliza kwanza, tulimfundisha pasipo kujua kwamba akili ni mbio, na kwamba mtu akikwama basi hana akili tena. Fundisho hilo la tatu ndilo lililomwangusha. Alikwenda sekondari akiwa amebeba maarifa mengi, lakini hakuwa amewahi kujifunza namna ya kukaa na swali gumu.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodhani kwamba kazi ya kuwapa changamoto wanafunzi wenye vipaji ni ya shule maalumu za sekondari peke yake. Kweli, shule hizo nazo zina wajibu mkubwa. Zikiwa mahali pa kumaliza muhtasari mapema na kukariri mitihani iliyopita, zitakuwa zimerudia kosa letu kwa kiwango cha juu zaidi. Mwanafunzi hodari wa kidato cha kwanza hahitaji kupewa mada za kidato cha pili tu. Anahitaji kupewa maswali ambayo jibu lake halipatikani kwa njia moja, na muda wa kuyatafakari, na ruhusa ya kukosea. Lakini shule hizo hupokea watoto ambao sisi wa shule za msingi tumekwisha watengeneza. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyekaa miaka yake yote ya shule ya msingi bila ya kukwama, hukwama vibaya siku ya kwanza.

Je, si ubaguzi?

Pengine mwanachuo atauliza: kumshughulikia mwanafunzi hodari si kurudi katika elimu ya wachache? Swali hilo ni zito, na yafaa lijibiwe. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu tuliyoirithi kwa kuwa iliwaandaa wachache waendao juu, ikawafanya wengine wajione wameshindwa. Baadaye, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 watoto wengi mno wakaingia madarasani. Hali kadhalika mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, madarasa yalifurika tena. Basi mwalimu mwenye watoto 70 au 90 ana haki ya kusema kwamba hana nafasi ya kumtunza mmoja.

Sisi twajibu kwamba hatuombi atunzwe mmoja. Twaomba swali gumu liwepo darasani, liwe wazi kwa kila mtoto. Tulijifunza hilo kwa bahati, katika somo la kamba.

Somo la kamba

Ilikuwa miaka minne baada ya mvulana yule kutueleza habari zake. Tulikuwa tukifundisha eneo la mstatili katika darasa la sita. Badala ya kuandika urefu na upana ubaoni, tulichukua kamba ya katani yenye urefu wa mita 20, tukatoka nje na darasa zima. Tukawaambia: "Kamba hii ndiyo ua wa bustani. Bustani yetu iwe ya mstatili. Tuipange vipi ili tupate nafasi kubwa zaidi ya kupanda mchicha?"

Wengi walicheka. Walisema kamba ni ile ile, basi na nafasi itakuwa ile ile. Mwanafunzi aliyekuwa mwepesi kuliko wote mwaka ule alisema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Hatukumsahihisha. Tuliwapa vijiti vya kuchomeka pembeni, tukawaacha.

Kundi la kwanza lilifanya upana wa mita 1 na urefu wa mita 9; likapata mita 9 za eneo. Kundi la pili lilifanya 2 kwa 8, likapata 16. Walipolinganisha, kicheko kilikwisha. Wakaanza kukimbia: 3 kwa 7 ni 21; 4 kwa 6 ni 24; 5 kwa 5 ni 25. Kamba ilikuwa moja, na bustani zimetofautiana karibu mara tatu!

Tuliporudi darasani tuliandika swali kwenye pembe ya ubao: "Kwa nini?" Tukaliacha hapo juma zima bila ya kulijibu na bila ya kulitolea alama. Tulitazamia kwamba yule mwepesi ndiye atakayeleta jibu. Alileta jibu siku ile ile, nalo lilikuwa jibu la haraka: "Kwa sababu mraba ni mkubwa." Tulimwambia hilo ndilo alilotakiwa kulieleza. Alikasirika, akakaa.

Siku ya nne msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye katika kumbukumbu zetu alikuwa miongoni mwa wazito, alikuja na daftari baada ya vipindi. Alikuwa amechora mraba wa 5 kwa 5 kwa vijumba vidogo. Akasema: "Mwalimu, nikitaka kuufanya mrefu, naondoa mstari mmoja pembeni. Mstari huo una vijumba vitano. Lakini nikienda kuupanga upande wa pili, nafasi iliyopo ni ya vijumba vinne tu. Kimoja kinabaki mkononi." Alikuwa ameona, kwa macho yake mwenyewe, kwa nini 6 kwa 4 ni pungufu ya 5 kwa 5 kwa kijumba kimoja.

Tulimwomba awaeleze wenzake kesho yake. Yule mwepesi alimsikiliza kwa makini, akatoka mbele akauliza, "Na tukiondoa mistari miwili?" Wakafanya pamoja, wakaona kwamba 7 kwa 3 hupungua vijumba vinne. Kengele ililia, wala hakuna aliyeinuka.

Siku ile tulijifunza mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi mwepesi alikuwa amekutana na kitu kilichomzuia njiani, naye hakufa. Alirudi akiwa na swali lake mwenyewe. La pili, na kwetu sisi lilikuwa zito zaidi, ni kwamba hatukuwajua wanafunzi wetu hodari ni akina nani. Mazoezi yetu ya kila siku yalikuwa yakipima kasi, nasi tukaidhania kasi kuwa ndicho kipaji. Msichana yule alikuwa mpole wa kuandika na mzito wa kukokotoa, lakini alikuwa na kina. Kama swali gumu tungalimpa mwanafunzi mmoja kwa siri, tusingalimwona yule msichana kamwe.

Swali atakalouliza mtoto

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Mara nyingine swali gumu haliletwi na mwalimu. Huletwa na mtoto. Hapo ndipo mwalimu mwenyewe hujaribiwa.

Yafaa kila mwanachuo akumbuke habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja Mpemba aliogopa kukosa nafasi jokofuni, akayaweka maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Aliendelea kuuliza alipokwenda Mkwawa, Iringa, na huko alitaniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Hata alipomwuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule hiyo, wenzake walimcheka. Lakini mgeni yule hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo hilo, akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Jambo lenyewe likaja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba, na wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu zake, na hata juu ya lini hutokea na lini halitokei.

Tunawaomba wanachuo wasiyatazame masimulizi haya kama sifa ya mtu mmoja tu. Wajiulize: mimi ningekuwa mwalimu gani katika habari hii? Si lazima mwalimu awe mjuzi wa kila jambo. Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha masomo mengi, na mtoto mwenye udadisi atamfikisha ukingoni upesi. Akifika hapo, maneno mawili yatosha: "Tujaribu pamoja." Mwalimu asemaye hivyo amemfundisha mtoto kwamba kutojua si aibu. Laiti tungalimfundisha hivyo mvulana wa dawati la mbele!

Ushauri kwa wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha

Kutokana na hayo twapenda kutoa ushauri mchache, ambao hauhitaji fedha wala vitabu vipya.

Kwanza, katika kila andalio la somo mwanachuo aandike swali moja ambalo halijibiwi kwa kukokotoa tu. Anapofundisha kwamba namba hugawanyika kwa 9 ikiwa jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 9, aulize sababu. Atakayefikiri ataona kwamba katika 342, kila mia ni 99 na moja, na kila kumi ni 9 na moja. Ukiziondoa hizo 99 na 9, hubaki 3, 4 na 2, yaani 9. Mtoto wa darasa la sita aweza kulifikia jambo hilo akipewa siku kadhaa.

Pili, asidhani kwamba ugumu ni wa hesabu peke yake. Katika Kiswahili tumewahi kuwapa wanafunzi methali mbili: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Tukauliza ipi ni ya kweli. Kwanza waligawanyika pande mbili wakabishana. Baadaye mmoja akasema methali si sheria, bali ni dawa, na dawa hutolewa kwa kumtazama mgonjwa. Insha walizoandika baada ya hapo zilikuwa bora kuliko zote tulizosahihisha mwaka ule.

Tatu, swali hilo liandikwe mahali pa wazi, likae siku kadhaa, wala lisitolewe alama. Mwanzoni sisi tulilitolea alama, na mara wale wepesi wakaanza kuficha madaftari yao wenzao wasione. Alama zilipoondolewa, waliulizana.

Nne, kumtumia mwanafunzi mwepesi awafundishe wenzake si vibaya, maadamu yeye naye ana la kujifunza siku hiyo. Kumweleza mwenzako ni njia njema ya kuelewa. Lakini kumfanya karani wa mwalimu kila siku ni kumwibia muda wake.

Tano, mwalimu aangalie anachokisifu. Badala ya "Hongera, umemaliza kwanza," aseme, "Hongera, umejaribu njia tatu." Watoto hufuata sifa kama nyuki wafuatavyo maua.

Hatudai kwamba mambo haya ni mepesi katika darasa lenye watoto wengi na madawati machache. Siku nyingine kipindi huisha kabla ya zoezi la kawaida kusahihishwa, na swali la pembeni mwa ubao hubaki bila ya kuguswa. Lakini swali lililobaki ubaoni si hasara. Kuna mtoto analisoma akingoja kengele, huenda wa mbele, huenda wa nyuma, wala mwalimu hamjui bado.

Basi, mwanachuo, utakapokwenda shuleni, siku ya kwanza tu utausikia mkono ukigonga dawati na sauti ikiita, "Mwalimu, nimemaliza!" Usimtume chaki, wala usimpe maswali mengine kumi ya aina ile ile. Nenda ukasimame kando yake, utazame daftari lake, kisha umwulize kwa upole: "Umejuaje?" Akinyamaza, mwache anyamaze. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kufikiri darasani.